Ukimya, uchangamfu na usimamizi wa kundi la wakulima wa zabibu Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya yameandaliwa kwa ajili ya wanachama wa kundi letu la WhatsApp linalowakutanisha wakulima wa zabibu wa Dodoma Jiji, Chamwino na Bahi, pamoja na wale wanaofikiria kujiunga. Yamekusanya maswali ambayo wasimamizi huulizwa msimu hadi msimu, na mawili kati yake hurudi kuliko mengine: mbona kundi limepoa, na mbona ujumbe wangu umefutwa. Tumeyajibu kwa urefu unaostahili kila swali, kwa hiyo majibu mengine ni marefu na mengine ni mafupi sana.

Kundi linajadili nini hasa?

Kilimo cha zabibu na yale yanayokifuata moja kwa moja: miche, kupogolea, umwagiliaji, magonjwa na wadudu, mavuno, bei, usafiri, pamoja na usindikaji wa mchuzi wa zabibu, yaani maji ya zabibu yanayotengenezewa mvinyo. Ufugaji wa kuku, viwanja vinavyouzwa na nafasi za kazi vina makundi yake, na mengi ya makundi hayo ni mazuri.

Mbona wiki nzima imepita bila mtu kuandika? Kundi limekufa?

Halijafa. Jibu la swali hili limo katika kalenda ya shamba. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na mzabibu wa huku huvunwa mara mbili kwa mwaka, mavuno ya kwanza yakija karibu na mwezi Machi na ya pili Agosti na Septemba. Mazungumzo hufuata mzunguko huo. Mvua zinapokolea, Januari na Februari, zinamiminika picha za majani yenye madoa na maswali ya dawa, na mtu aliyelala mapema huamkia jumbe ambazo hawezi kuzimaliza kabla ya chai. Vishada vinapoiva, habari hugeuka kuwa bei, kreti na magari. Kisha hufika Mei na Juni, mtama, uwele na alizeti vikiwa vinavunwa, na wakulima walewale waliokuwa wakiandika mpaka usiku hawaonekani kabisa, kwa sababu mikono imeshika kazi nyingine.

Kundi la mashabiki wa Simba au Yanga lina habari mpya kila siku, kwa kuwa hata siku isiyo na mechi ina usajili, majeruhi na ubishi. Mzabibu hauna habari kila siku. Mada yetu ni moja na ni finyu, na anayelinganisha kundi hili na yale yenye gumzo la saa zote atajisumbua bure. Kwa sababu hiyo hatuchokozi mazungumzo kwa kurusha video za kuchekesha au mijadala ya kupoteza muda ili tu kundi lionekane lina watu. Gumzo la namna hiyo huwachosha wanachama tunaowahitaji zaidi, yaani wakulima wazoefu, ambao huzima mlio wa kundi, na siku swali la maana linapoulizwa hawapo kulijibu.

Ukimya unaotutia wasiwasi ni ule wa Januari. Mvua zikiwa zinanyesha, majani yakiwa yanashambuliwa, halafu kundi likakaa kimya siku kadhaa, hapo kuna tatizo, na wasimamizi huanza kuwapigia simu wanachama mmoja mmoja kuuliza kulikoni.

Mnapima uhai wa kundi kwa kitu gani, kama si wingi wa jumbe?

Kwa maswali. Kila Jumapili jioni msimamizi wa zamu hupitia mazungumzo ya wiki na kuandika kwenye daftari ni maswali gani yaliulizwa, yapi yalijibiwa, jibu lilichukua muda gani, na nani alijibu. Wiki yenye maswali machache ambayo yote yamepata majibu ndani ya siku moja ni wiki njema. Wiki yenye jumbe zisizohesabika lakini mama wa Mvumi aliyeuliza habari za mchwa akaachwa bila neno ni wiki mbaya, hata kama kila mtu alifurahi.

Kipengele cha nani alijibu tunakipa uzito kuliko vingine. Yapo makundi ambayo yanaonekana hai kabisa, kumbe majibu yote yanatoka kwa watu wawili. Siku hao wawili wakichoka, wakihama au wakikosana, kundi linaanguka ndani ya mwezi mmoja. Tukiona jina moja limejaa kwenye daftari, msimamizi humwomba mwenye jina hilo, kwa siri na kwa heshima, asubiri kidogo kabla ya kujibu, kisha humtumia mkulima mwingine ujumbe binafsi: swali hili uliwahi kulishughulikia kwenye shamba lako la Hombolo, tafadhali waeleze wenzako. Mara nyingi anayeombwa hivyo hujibu vizuri sana, na baada ya hapo huendelea kujibu bila kuombwa. Watu wengi hunyamaza kwa kudhani kwamba kuna mjuzi zaidi yao atakayesema, wala hawana uchoyo.

Wanachama wengi hawajawahi kuandika hata mara moja. Kwa nini hamuwaondoi?

Kwa sababu wanasoma. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya mitandao, alieleza hali ambayo kila msimamizi ameiona kwa macho yake: katika jumuiya nyingi za mtandaoni, takribani watu 90 kati ya 100 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na mmoja huchangia sana. Si kanuni ya hesabu, na kundi dogo la watu wanaofahamiana huweza kuwa na wachangiaji wengi zaidi, lakini inaonyesha kwamba wasomaji kimya ni hali ya kawaida ya jumuiya wala si ugonjwa wake.

Tukiwatazama wasomaji kimya wa kundi letu tunaona watu wenye sababu nzuri. Wapo wanaotumia simu moja na familia nzima. Wapo wanaonunua bando dogo na kufungua mara moja kwa siku. Wapo wazee wanaosoma vizuri lakini kuandika kwa kidole kunawachosha, na hao tumewaruhusu watume ujumbe wa sauti usiozidi dakika mbili. Wapo akina mama ambao wana ujuzi mkubwa wa shamba lakini hawapendi kubishana na wanaume wasiowafahamu mbele ya watu. Kumtoa mtu wa namna hiyo kwa kosa la kunyamaza ni kumnyima elimu mtu anayeitumia. Tunachokataa ni namba isiyo na mtu, yaani laini iliyokufa au iliyohamia kwa mmiliki mwingine asiyejua hata zabibu inalimwa wapi. Hizo huondolewa mwanzoni mwa msimu, baada ya kuzipigia.

Niliuliza swali na sikujibiwa. Nifanye nini?

Uliza tena baada ya saa 24, ukilinukuu swali lako la awali ili lisomeke pamoja na picha zake. Usione haya. Lakini kabla ya kuuliza tena, tazama kama swali lenyewe linajibika. Swali linalosema “zabibu zangu zinaumwa, dawa gani nzuri?” halijibiki, na mkulima makini atalipita kwa sababu hataki kubahatisha kwa mali ya mwenzake.

Chukua mfano wa ubwiri, ambao ndio chanzo cha ubishi mwingi kila masika. Ubwiri unga huonekana kama vumbi jeupe au la kijivu lililonyunyizwa juu ya jani na juu ya punje changa, nalo hufutika kwa kidole. Ubwiri vinyoya huanza kwa madoa ya njano juu ya jani, yenye mng’ao kama wa mafuta, na ukiligeuza jani unakuta utando mweupe wa manyoya chini yake, pale pale lilipo doa. Yote mawili watu huyaita ubwiri, lakini ni magonjwa mawili tofauti. Salfa hufaa kwa ubwiri unga na haina msaada wa maana kwa ubwiri vinyoya. Mchanganyiko wa mrututu (kopa salfeti) na chokaa, uliovumbuliwa huko Bordeaux, Ufaransa, miaka ya 1880, ulipata sifa kwa kuudhibiti ubwiri vinyoya. Vilevile ubwiri vinyoya unahitaji majani yaliyolowa, ndiyo maana hushika kasi wakati wa mvua, ilhali ubwiri unga huweza kusambaa hata mvua zikiwa zimekwisha. Anayetuma picha ya upande wa juu wa jani peke yake amewanyima wenzake nusu ya jibu.

Kwa hiyo swali la ugonjwa liwe na picha tatu, upande wa juu wa jani, upande wa chini, na mzabibu mzima, zikipigwa asubuhi au jioni bila kivuli cha mpigaji. Andika pia aina ya zabibu, umri wa shamba, mara ya mwisho kupogolea, dawa uliyopiga mwisho na lini. Swali lililoandikwa hivyo hujibiwa haraka, na jibu lake hufaa wengine mwaka unaofuata.

Kwa nini mnabana ushauri wa dawa kuliko mada nyingine yoyote?

Kwa sababu kosa lake halifutiki. Mtu akikosea kutaja bei, mwenzake atamrekebisha baada ya dakika tano na hakuna aliyeumia. Mtu akishauri kipimo kisicho sahihi, kuna mkulima ambaye tayari ameshajaza bomba lake la mgongoni na yuko katikati ya mistari. Majani yakiungua, msimu umeondoka, na dawa ikipigwa karibu mno na mavuno, anayeumia ni mlaji ambaye hata hayumo kundini.

Utaratibu wetu ni huu. Anayependekeza kiuatilifu aweke picha ya lebo inayosomeka, aonyeshe kiambato chake na siku za kusubiri kati ya kupiga dawa na kuvuna. Kipimo kifuate lebo, na aliyefuata kipimo tofauti asikitangaze kama ushauri. Dawa iwe miongoni mwa zile zilizosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Ujumbe usiotimiza hayo huondolewa hata kama umetoka kwa mzee tunayemheshimu, naye huelezwa kwa faragha aurudishe ukiwa kamili. Ikiwa hakuna mwenye uhakika, tunasema wazi kwamba hakuna mwenye uhakika, na mwuliza swali anaelekezwa kwa afisa ugani wa kata yake au kwa watafiti wa kituo cha Makutupora, ambacho zabibu ndiyo kazi yake. Jibu la “hatujui, muulize bwana shamba” linahesabika kwenye daftari letu kuwa jibu kamili.

Ujumbe wangu umefutwa. Kwa nini, na kwa nini sikuambiwa?

Unapaswa kuambiwa. WhatsApp humruhusu msimamizi kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote kwa watu wote, na pahali pake hubaki maandishi yanayoonyesha kwamba msimamizi ameufuta. Maandishi hayo peke yake humwaibisha mtu mbele ya wenzake bila kumweleza kosa, kwa hiyo tumejiwekea sharti kwamba anayefuta amwandikie mhusika siku hiyo hiyo, kwa ujumbe binafsi, akimwambia ni kipi kilichoondolewa na namna ya kukirekebisha. Ikiwa umefutiwa na hukuandikiwa, una haki ya kudai maelezo kwa msimamizi mwingine, na utajibiwa.

Maelezo hayatolewi ndani ya kundi. Mabishano ya nani alionewa, yakifanyika mbele ya watu, humlazimisha kila upande kushinda.

Adhabu zikoje?

Zinapanda kwa ngazi. Kosa la kwanza ni ujumbe binafsi wa kukumbushana. La pili ni onyo linalojulikana na wasimamizi wote. La tatu mtu hutolewa kwa wiki mbili kisha hurudishwa. Kutolewa moja kwa moja kumebaki kwa utapeli, matusi ya nguoni, picha chafu na vitisho, ambavyo havipiti ngazi yoyote.

Ngazi hizi hatukuzibuni. Elinor Ostrom, msomi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, alichunguza jinsi wanavijiji wa nchi mbalimbali wanavyotunza mali ya pamoja, kama malisho, misitu, maji ya kumwagilia na maeneo ya uvuvi, bila kuiharibu. Katika jumuiya zilizodumu muda mrefu aliona mambo yanayofanana: wanaofuata kanuni wana sauti katika kuzitunga, walinzi wanawajibika kwa wanajumuiya, adhabu huanza ndogo na kukua kadiri kosa linavyorudiwa, na kuna njia nyepesi ya kusuluhisha migogoro. Muda na umakini wa wanachama wetu ni mali ya pamoja vilevile. Kila ujumbe usiohusika unachota humo. Adhabu kali kwa kosa la kwanza humgeuza mkulima aliyepitiwa kuwa adui, na katika eneo ambalo watu wanakutana mnadani, kanisani, msikitini na ofisi ya kijiji, adui wa kundini ni adui wa mtaani.

Je, ninaruhusiwa kutangaza bei, kutafuta mnunuzi au kunadi zabibu zangu?

Unaruhusiwa, na katika majira ya mavuno hiyo ndiyo faida kubwa ya kundi. Zabibu iliyoiva haingoji. Mwenye mahindi anaweza kufunga ghala na kusubiri bei ipande, lakini mwenye zabibu ana siku chache tu kabla punje hazijaanza kulegea, nyuki na ndege nao wakiwa wameshafika. Mnunuzi analijua hilo, dalali analijua zaidi, na mkulima asiyejua jirani yake wa Mpunguzi ameuza kwa kiasi gani jana yake hukubali lolote. Kwa hiyo taarifa ya bei iliyo sahihi ina thamani ya fedha taslimu, na taarifa ya bei iliyopotoshwa ni hasara ya fedha taslimu.

Tumeona jinsi inavyopotoshwa. Mtu huandika kwamba bei imeshuka sana, bila kusema wapi, na kumbe anazungumzia zabibu za mezani zilizobaki mwisho wa siku, ilhali wasomaji wana zabibu za mvinyo. Mwingine hutaja bei kubwa ya kutia moyo, kumbe ni ya kufikisha kiwandani, na mwenye mzigo akitoa gharama za gari na kreti anabaki na kilekile alichokataa shambani. Wapo pia wanaotangaza bei ya juu ambayo ni ya mali kauli, mkulima alipwe baadaye, jambo ambalo ni biashara tofauti kabisa na malipo ya papo hapo.

Ndiyo maana ujumbe wa bei hautambuliwi mpaka uwe na tarehe, mahali, aina ya zabibu, kama ni bei ya shambani au ya kufikisha, kama malipo ni taslimu au mali kauli, na ikiwezekana kiwango cha utamu kilichopimwa, kwa kuwa wasindikaji hutazama sukari ya zabibu. Ujumbe pungufu huachwa kwa saa moja mwenyewe aukamilishe, kisha huondolewa. Madalali wanakaribishwa kundini kwa sharti la kujitambulisha kuwa ni madalali. Tulijadili sana kama tuwafungie nje, na uamuzi wa wanachama ulikuwa wabaki, kwa sababu dalali anayejulikana anaulizwa maswali, na asiyejulikana hujificha nyuma ya jina la mkulima.

Matangazo ya pembejeo, mabomba, miche na vifaa yana siku yake, Jumamosi, ujumbe mmoja kwa kila muuzaji.

Mnunuzi amenidhulumu. Ninaweza kumtaja jina ili wengine wajihadhari?

Tunaelewa uchungu huo na hatutaki uukalie kimya. Hata hivyo, anza kwa msimamizi. Mtumie nakala ya makubaliano, stakabadhi za mizani, jumbe mlizoandikiana na tarehe ya ahadi ya malipo. Msimamizi humtafuta mhusika na kumpa nafasi ya kujibu, na mara nyingine deni hulipwa pale mdaiwa anapojua kwamba jambo linafuatiliwa. Wenye vyama vya ushirika tunawashauri wapitie huko pia, kwa kuwa chama kina nguvu ya kudai ambayo kundi la simu halina. Tahadhari kwa wengine hutolewa na msimamizi, kwa maneno ya yaliyothibitika tu.

Sababu ya utaratibu huu ni mbili. Kwanza, mtu anaweza kuwa amesingiziwa, na jina likishachafuka halisafishiki kwa ujumbe wa kuomba radhi. Pili, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 16, inafanya kuwa kosa kuchapisha kupitia kompyuta taarifa ambayo mtu anajua ni ya uongo au ya kupotosha kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kuuhadaa umma. Simu ya mkononi haijaachwa nje. Hatupendi mkulima mwenye haki yake ageuke mshtakiwa kwa sababu ya hasira ya usiku mmoja.

Mnashughulikiaje misiba, harusi na michango?

Hapa ndipo kanuni na utu hukutana, na tumeomba subira ya kila mmoja. Mwanachama akifiwa, msimamizi wa eneo lake huandika tangazo moja lenye jina la mfiwa, mahali pa msiba na ratiba ya mazishi. Siku hiyo kundi huachwa wazi kwa pole na rambirambi, bila kufuta chochote. Kuanzia kesho yake, mazungumzo hurudi shambani, na michango hupelekwa kwenye kundi la muda lenye mtunza fedha wake, ambalo hufungwa baada ya hesabu kusomwa.

Michango ya harusi, sendofu na kipaimara haitangazwi hapa. Si kwamba hatufurahii mambo ya wenzetu. Kundi likishakubali moja haliwezi kukataa la pili, na katika miezi ya sherehe hakuna swali la ubwiri litakaloonekana katikati ya orodha za ahadi.

Salamu za asubuhi, utani, siasa na dini?

Salamu tunapokezana kwa kuanza nayo swali au jibu. Picha za maua na aya za kila asubuhi hazihitajiki. Utani wa makabila tumeuruhusu, maana ni sehemu ya maisha yetu, ila usiingie kwa wageni wasioujua na usigeuke kejeli. Kigogo kinaruhusiwa, mradi anayeandika aongeze maana kwa Kiswahili, kwa sababu tuna wakulima waliotoka mikoa mingine. Siasa za vyama na mabishano ya dini huondolewa bila mjadala.

Nimepokea taarifa ya mkopo wa wakulima na kiungo cha kujisajili. Niiweke kundini?

Usiiweke. Mtumie msimamizi aichunguze. Taarifa yenye alama ya kusambazwa mara nyingi imepita mikononi mwa watu wengi wasiojua ilikoanzia, na WhatsApp yenyewe, tangu Aprili 2020, hairuhusu ujumbe wa namna hiyo kupelekwa kwenye zaidi ya mazungumzo moja kwa wakati. Mkopo wa kweli una ofisi, una fomu na una mtu anayejulikana katika halmashauri, benki au ushirika. Haukuombi namba ya siri wala ada ya kuharakisha. Ukitumiwa ujumbe mfupi wa utapeli, upeleke pamoja na namba ya tapeli kwenda 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) imeitenga kwa kazi hiyo, na ukitaka kujua kama kuna laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua, piga *106#.

Picha na namba yangu ya simu zinaweza kutumiwa na watu wa nje?

Hazipaswi, bila ridhaa yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na hata kabla yake lilikuwa jambo la adabu. Anayekuja kuomba orodha ya wanachama kwa ajili ya utafiti au biashara huambiwa aandike tangazo lake, msimamizi alipeleke kundini, na anayetaka ajitokeze mwenyewe. Hatutoi orodha. Picha za watoto wakiwa kazini shambani haziwekwi kabisa.

Wasimamizi wanachaguliwaje, na nani anawasimamia wao?

Kila eneo humpendekeza mtu mmoja, wanachama huthibitisha kwa kura ya kundini, na muda wake ni misimu miwili ya mavuno. Tunapenda awepo angalau mama mmoja na angalau mkulima mmoja mdogo mwenye eneo lisilofika ekari moja, kwa sababu mwenye shamba kubwa na mwenye shamba dogo hawaoni tatizo lilelile. Msimamizi hawezi kuwa dalali wala muuza pembejeo. Uamuzi wa kumtoa mwanachama huhitaji wasimamizi wawili, isipokuwa kwa utapeli unaoendelea, ambapo mmoja anatosha na wenzake hujulishwa saa hiyo hiyo. Daftari la Jumapili liko wazi kwa yeyote anayeomba kulisoma.

Kazi hii inachosha, tena kwa namna isiyoonekana. Anayefanya zamu katika wiki za mvua hushika simu kuanzia alfajiri. Ndiyo maana zamu ni ya wiki moja tu, na aliyemaliza anaruhusiwa kuzima mlio wa kundi bila kuulizwa.

Kwa nini msifunge kundi ili wasimamizi pekee waandike? Si lingekuwa na utulivu?

Lingekuwa na utulivu, na lingekoma kuwa kundi la majadiliano. Tunalifunga saa nne usiku na kulifungua saa kumi na moja alfajiri, na mara chache sana tunalifunga mchana kunapozuka ugomvi, kwa saa moja au mbili, hasira zishuke.

Likijaa je?

Kundi la WhatsApp huchukua hadi watu 1,024. Telegram huruhusu hadi watu 200,000 na ina namna ya kumzuia mtu kuandika mfululizo bila kusubiri, lakini wakulima wetu wengi hawaitumii. Tukikaribia kujaa tutagawa kwa maeneo, kila eneo na wasimamizi wake, huku majibu mazuri yakipelekwa pande zote. Hatutagawa kwa wazoefu na wanaoanza, kwani anayeanza ndiye mwenye maswali na mzoefu ndiye mwenye majibu.

Majibu ya misimu iliyopita yanapatikana wapi?

Anayejiunga leo haoni yaliyojadiliwa msimu uliopita, na hilo ndilo chanzo cha maswali yanayojirudia. Tafadhali usimkaripie mgeni kwa kuuliza kilichokwisha kuulizwa. Kila mwisho wa mavuno msimamizi mmoja hukusanya maswali na majibu yaliyothibitika, huyapanga kwa mada na kuyatoa kama faili moja lenye picha zilizopunguzwa ukubwa ili lisile bando, na faili hilo hutumwa kwa kila anayeingia. Nakala zilizochapishwa huachwa kwa maafisa ugani wa kata zilizo tayari kuzipokea, kwa ajili ya wasio na simu janja.

Nikitaka kutoka kundini, au kurudi baada ya kutoka?

Ondoka bila wasiwasi. Tangu mwaka 2022 WhatsApp huwajulisha wasimamizi pekee mtu anapojiondoa, na sisi hatumuulizi mtu sababu. Wengi hujiondoa baada ya mavuno ya Septemba ili kuokoa bando na nafasi kwenye simu, kisha hurejea mawingu yakianza kukusanyika. Atakayetaka kurudi amwandikie msimamizi wa eneo lake. Anarudishwa siku hiyo hiyo, na hutumiwa faili la msimu wa karibuni pamoja na kanuni zilizobadilika wakati hayupo.